Birika Lililooshwa kwa Sabuni

Devota, juzi ulikuja na vipande vya chungu ndani ya ndoo ukaniuliza kama vinaungika. Mimi nikaangalia ndoo, nikakuangalia wewe, nikaingia ndani. Najua njiani mlisema bibi siku hizi amekuwa mkali. Ukali unataka nguvu, mjukuu wangu, na nguvu zangu zimebaki za kutoka kitandani hadi barazani na kurudi. Nilikuwa nimechoka tu. Vyungu nilivyovizika katika maisha yangu ni vingi, na hicho chako kilikuwa kimoja zaidi.

Baadaye niliona haya. Kibanda changu cha chai pale karibu na soko mmekichukua ninyi wajukuu. Mmekipaka rangi, mmeandika ubaoni "chai ya chungu", na watu wanakuja kujipiga picha na vikombe. Lakini hakuna aliyewafundisha kitu. Aliyetakiwa kuwafundisha ni Tusekile, mke wa marehemu mwanangu. Kila mkija hapa nyumbani kwangu Malangali mnaniuliza mambo mawili: lile birika jeusi la udongo liko wapi, na Tusekile yuko wapi. Viko pamoja, na mimi nimekaa hapa sijui kama kimojawapo ni changu bado. Nitafika huko. Tumalize kwanza habari ya chungu chako, maana nikianza na Tusekile sitarudi kwenye vyungu.

Chungu hakiungiki. Watakuja wa kukuambia gundi, watakuja wa kukuambia saruji. Achana nao. Kipande kikubwa kiweke uani, kuku wanywee maji.

Ulisema ulikiweka kikavu kwenye jiko la gesi, ukawasha moto wote, kilipopata joto ukamimina maji ya bomba. Maji ya bomba ya Sumbawanga, mwezi wa saba! Hata mimi ukinimwagia hayo nitapasuka. Udongo hautaki kushtuliwa. Maji yatangulie ndani, chungu kiwe baridi na maji yawe baridi, halafu moto uanze mdogo, uongezwe polepole. Ukitaka kuongeza maji katikati ya mapishi, yapashe kwanza. Na kama ni lazima upikie gesi, kwa sababu najua mkaa umekuwa shida, weka kipande cha bati zito kati ya moto na chungu. Gesi inachoma mahali pamoja kama mtu mwenye kinyongo. Kuni zinazunguka, zinagusa kila upande.

Msidhani nilizaliwa nikijua. Chungu changu cha kwanza nilikipasua kwa maringo. Mume wangu alikuwa amemwaga sakafu ya saruji, ya kwanza mtaani kwetu, na mimi nilitaka majirani waione. Asubuhi ya baridi, mwezi wa sita, nikaepua maharage yanatokota nikayatua juu ya saruji ile katikati ya wageni. Kikasema pa! Maharage yakaenda hadi mlangoni. Mume wangu akaja mbio, akainama, akapapasa chini.

"Sakafu haijaumia?" akauliza.

Tangu siku ile chungu changu hakikugusa saruji. Sokota nyasi kavu uzifanye kata, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, na chungu kikae hapo. Nyasi mnazo, ni uvivu tu.

Aliyenipa akili ya udongo alikuwa Mama Kalista, mfinyanzi wa Milepa. Alikuwa akipanda kutoka kule bondeni kwenye lori la mahindi, vyungu vyake vimefungwa kwa majani, anashuka sokoni anatetemeka kwa baridi yetu na kututukana sisi tunaokaa juu huku. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kifipa chake kilikuwa kikali. Hakukubali kukuuzia chungu mpaka umwambie utapika nini ndani yake. Ukisema "chochote", anakirudisha kwenye majani.

"Chochote utakipika kwenye sufuria," alikuwa akisema. "Bati halina kumbukumbu."

Alinifundisha kugonga. Ukinunua chungu, kinyanyue, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia. Chenye ufa, hata kama ufa wenyewe hauuoni, kinakohoa. Na mwuzaji akikukataza kugonga, mwage uende zako.

Birika nilimwomba mimi. Nilikuwa nachemsha chai kwenye chungu na kuchota kwa kikombe, na madereva, wateja wangu, walikuwa wanalalamika kwamba wanakunywa majani. Nilipomwambia nataka birika la udongo, alicheka mpaka akakaa chini. "Chungu chenye pua?" Lakini alikuwa mtu asiyependa kushindwa. La kwanza mdomo ulidondoka motoni. Lililofuata lilimimina vizuri, ila lilimimina kwenye mkono wa anayemimina. Akaendelea hivyo, kila akipanda Sumbawanga ananiletea kilema kingine, tunakitazama, tunacheka, anarudi bondeni amenuna. Mpaka siku moja akaja na lile mnalolijua. Mdomo wake umepinda kidogo kushoto, lakini halidondoshi hata tone.

Akakaa nami siku nzima kunionyesha namna ya kulikomaza, na ndivyo nitakavyowaambia.

Birika jipya lina kiu. Lizamishe kwenye maji, utalisikia linatoa mapovu na kulalamika. Liache humo mpaka linyamaze. Litoe, likauke kivulini, kamwe si juani, mahali ambapo upepo unapita lakini haupigi. Halafu pika ndani yake uji mwepesi wa ulezi, mwepesi kama wa mgonjwa, kwa moto mdogo. Usinywe. Uache upoe humo humo, ulale humo. Ule unga mwororo unaingia kwenye vitundu vya udongo na kuviziba. Kesho yake mwaga, suuza kwa maji ya uvuguvugu, kausha, rudia. Utajua limetosha pale litakapoacha kutoka jasho nje. Ndipo unachemsha majani ya chai, mengi, makali, unayaacha yapoe, unamwaga. Na chai za mwanzo zitakuwa na ladha ya udongo. Wape ndugu zako, wageni wasubiri.

Baada ya hapo ni kulitumia. Birika la udongo halipendi likizo. Ukiliacha kabatini linaota ukungu, na ukilifunika likiwa na unyevu ndiyo kabisa. Likishasuuzwa, kifuniko kikae pembeni, mdomo wazi. Litumike kila siku kwa chai peke yake, na ndani usiguse na kitu chochote zaidi ya maji moto na mkono wako. Usitie sabuni. Udongo unakunywa sabuni kama ulivyokunywa ule uji, na utakurudishia kwenye kila kikombe. Ule weusi wa ndani unaowaudhi ninyi watu wa picha ndiyo chai yenyewe.

Mnadhani nasema chai peke yake kwa sababu ya ubishi? Ngoja. Kuna mwaka birika lilikuwa linapumzika kwa ufa mdogo wa kifuniko, nikaazima chungu kwa jirani, kizuri, kimekomaa, cheusi. Sikuuliza kilikuwa kinapikiwa nini. Asubuhi ile akaja mchungaji mmoja mlokole, mgeni kutoka Mbeya, na waumini wake wawili watatu. Nikawapa chai. Mchungaji akanywa, akafumba macho, akasema, "Mama, chai hii ina kitu." Akaongeza. Akaongeza tena. Mimi nikakisogelea kile chungu, harufu ikanifikia: pombe ya ulezi, ya miaka na miaka, imejaa kwenye udongo ule. Jirani yangu alikuwa mpika pombe na mimi nilijua, ila akili haikuniambia. Mchungaji aliondoka na furaha nyingi, akanibariki. Sikumwambia. Kumwambia kungemsaidia nini?

Cheka, Devota, mimi nimeshamaliza kucheka.

Sasa Tusekile.

Mwanangu Leonsi alimtoa Tukuyu. Ni Mnyakyusa, amekulia kwenye mashamba ya chai, vidole vyake vinajua jani changa hata gizani. Siku ya kwanza nilipommiminia, alikishika kikombe muda mrefu.

"Mama, kwetu tunachuma chai kutwa," akasema. "Lakini hii sijawahi kuinywa."

Akaanza kuja kibandani bila kuitwa. Sikumfundisha kwa maneno, alikuwa anatazama. Magoti yangu yalipokataa kuinama kwenye mafiga, yeye akashika moto. Wateja wakaacha kuuliza mama yuko wapi. Hilo liliniuma kidogo, nikiri, halafu likanipumzisha. Hawakujaliwa mtoto, yeye na Leonsi. Watu walisema yao, mimi nilikuwa na binti kwenye moto wangu na sikutaka zaidi.

Leonsi aliugua muda mfupi, akafa. Hapo sina maneno, na msinitafutie.

Tulipomaliza matanga, ndugu walisema nguo za marehemu zifuliwe zigawiwe, kama desturi. Tusekile akakataa kusaidiwa. Alichota maji mwenyewe, akatia sabuni ya unga, akafua mashati, akafua suruali, akafua koti lile la baridi ambalo Leonsi hakulivua tangu mwezi wa tano mpaka wa nane. Nguo zilipoisha hakuacha. Akaosha mashuka, akaosha viatu, akaosha vikombe na sahani zote zilizotumika msibani. Mimi nilikuwa nimekaa hapa barazani namsikia anasugua. Sikujua anasugua nini.

Nilipozunguka nyuma, birika lilikuwa juu ya kichanja cha vyombo, limeinamishwa, jekundu kama siku lilipotoka Milepa. Alikuwa ameliosha kwa maji yale yale ya nguo, akalisugua na stili waya nje na ndani. Kazi yote ya uji na majani na miaka ilikuwa imemwagika chini ya migomba.

Sikuliona birika kwanza, niliona lilivyoinamishwa. Huku kwetu mwanamke anayeondoka kwenye nyumba huosha vyungu vya mama mkwe na kuviinamisha, asiache deni la uchafu. Nikasema moyoni, huyu ameshaaga. Tena kaka yake, Gwamaka, alikuwa ametuma ujumbe kwamba anakuja.

Akaja kesho yake. Kijana mwenye adabu, mfanyabiashara, koti limepigwa pasi.

"Shikamoo mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa. Karibu."

Tusekile akaleta chai kwenye lile birika, akamimina. Juu ya kikombe cha Gwamaka kukawa na povu, dogo, jeupe, linazunguka. Gwamaka akalitazama. Akanywa. Akameza kwa shida, akanitazama usoni akasema, "Chai nzuri, mama."

Ndipo Tusekile akaonja chake. Akashika mdomo. Akalitazama birika kana kwamba limeletwa na mtu mwingine.

"Mama," akasema, "nimelifanya nini?"

"Umeliosha."

"Sikujua naosha nini. Nilikuwa naosha tu, Mama. Niliona nikiacha..."

Alilia pale pale, na mimi nililia, na Gwamaka wa watu akaendelea kunywa chai ile ya sabuni kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Akaimaliza. Mpaka leo namheshimu kwa kikombe kile.

Kisha Gwamaka akasema alichokuja kusema. Kwamba dada yake bado kijana, hana mtoto wa kumfunga hapa, na nyumbani wanamhitaji. Alisema vizuri, bila kunidharau, na kila neno lilikuwa kweli. Nilikuwa na maneno yangu pia. Nilitaka kumwambia Tusekile abaki, kwamba bila yeye kibanda kitakufa na mimi nitabaki na kuku. Nilimtazama akipangusa meza ambayo haikuwa na kitu, nikaona amechoka kuliko mimi, na umri wake ule. Mtu mmoja aliyechoka anatosha kwenye nyumba.

"Nenda, mwanangu," nikamwambia.

Hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma. Nadhani nilitaka abishe.

Asubuhi ya kuondoka nililifunga birika kwenye kanga nikampa. Akarudi nyuma.

"Hili ni lako, Mama."

"Sasa hivi ni la sabuni. Uliliosha wewe, ulikomaze wewe. Chemsha maji matupu umwage, chemsha umwage, mpaka maji yasiwe na utelezi. Halafu uji wa ulezi, upya, kama jipya. Huko kwenu ulezi upo?"

"Upo, Mama."

"Usiwe na haraka nalo."

Akalipakata kwenye basi kama mtoto. Mimi nikarudi nyumbani, na baada ya muda nikawapa ninyi kibanda.

Mwanzoni alipiga simu mara kwa mara. Ananisalimia, nauliza habari za nyumbani, halafu lazima tufike kwenye birika. "Bado linanuka, Mama." "Endelea." "Leo nimepika uji, umetoka na povu." "Mwaga, endelea." Hatukuongea habari za Leonsi, hatukuongea habari za kurudi. Tulikuwa tunaongea sabuni. Nilifika mahali nikawa naomba lisipone upesi.

Halafu simu zikapungua. Zikakatika. Ninyi mlikuwa mnaniuliza Tusekile yuko wapi, na mimi nilikuwa najibu "yuko kwao", na kila nikijibu neno hilo linakuwa la kweli zaidi. Ni kijana. Ataolewa, nilijiambia, na ni haki yake, na mume mpya hatataka kusikia mama wa mume aliyekufa. Hakuna sheria ya serikali wala ya kanisa inayomfanya yule kuwa mwanangu. Nilikuwa mama mkwe wa mtu, na aliyenifanya mama mkwe yuko makaburini. Juzi ulipokuja na ndoo yako, Devota, nilikuwa nimekaa na hilo.

Jana akapiga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nilidhani umepotea."

"Nilikuwa nahangaika, Mama. Nimepanga chumba changu, hapa Mbeya mjini. Nimepata kona ndogo karibu na stendi, nauza chai. Birika limepona. Leo halinuki kitu. Ni chai tu."

"Umeionja?"

"Sijaonja. Nimenusa."

"Sasa kwa nini huonji?"

"Mama, mtu anaonjaje kabla ya mkubwa wa nyumba?"

Nikamwambia basi ampe kaka yake, alishakunywa ile mbaya, anastahili hii. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

"Kaka ana nyumba yake na wakubwa wake," akasema. "Hii ni nyumba yangu. Mkubwa wake ni wewe. Nimekumiminia, kikombe kiko hapa mezani."

Nilimwambia nimechoka. Nilimwambia magoti hayapandi basi, na njia ni ndefu, na Mbeya kuna baridi kama huku tu, nakwenda kufuata nini? Nilisema mengi, mtu mzima akitaka kulia anakuwa na maneno mengi. Alisikiliza yote.

"Kitapoa, Mama," akasema. "Kikipoa nitamimina kingine. Kesho hivyo hivyo. Sitaonja mpaka uje."

Basi, Devota, hizi karatasi nampa jirani awaletee pale kibandani. Ulezi wa kukomazia uko kwenye debe nyuma ya mlango wa jikoni, na kuku wangu muwape maji. Mkipasua kingine msije nacho hapa kesho. Hamtanikuta.